Mpiga Chapa na Kompyuta Zake Mbili

Ukiingia ghafla dukani kwa Mpiga Chapa, kabla hajaitikia salamu yako alikuwa ameshatupa kitambaa juu ya skrini. Alikuwa na vitambaa viwili vya kufuma, kimoja cheupe na kimoja cha kijani, na kila kompyuta ilikuwa na chake. Kitambaa kikishakaa sawa ndipo anakugeukia, anakutazama kuanzia kandambili mpaka kichwani, na kukuuliza: "Umekuja kuandika au umekuja kuchungulia?" Nilimfahamu kwa zaidi ya miaka thelathini na swali hilo hakuchoka kuniuliza. Kuna wakati jibu la haki lingekuwa kuchungulia, na hilo nitalisema mahali pake.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja Mahabibo, mjini Mahajanga, jirani na soko: meza mbili, benchi moja la wateja, na pazia mlangoni. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu. Barua za kwenda ng'ambo, maombi ya vyeti vya kuzaliwa, mialiko ya harusi, malalamiko kwa mkuu wa mtaa. Wewe unasema, yeye anapiga. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na alikuja kazini na liwa ya msandali usoni, ambayo ikifika mchana ilianza kupasuka pembeni mwa mdomo. Wengi walimwita Bweni, kama wanavyoitwa akina mama wa heshima katika familia zetu zenye asili ya Komoro. Maneno yake hapa nimeyaweka kwa Kiswahili, lakini yeye aliongea Kimalagasi cha pwani kama sisi sote, akaingiza Kikomoro akikasirika, na Kifaransa akitaka mtu anyamaze.

Mama yangu alikuwa mteja wake wa kudumu. Mwishoni mwa miaka ya sabini, baada ya ghasia dhidi ya Wakomoro, wakati familia nyingi za asili yetu zilipofunga mizigo na kuondoka Mahajanga, baba alipanda meli kwenda Moroni, Komoro. Mama alibaki na mimi, nikiwa na miaka miwili. Ilisemekana baba atarudi mambo yakitulia. Mambo yakatulia, baba hakurudi. Kila mwezi mama alivaa salovana yake safi, ile nguo ya kujifunga ya pwani yetu, akajifunga vizuri, akaenda kwa Mpiga Chapa kumsemea barua ya kwenda kwa baba. Majibu yalipokuja aliyapeleka kulekule asomewe, kwa kuwa mama alisoma Kurani vizuri sana lakini herufi za Kifaransa hakuzijua. Mimi niliachwa nje, upande wa pili wa pazia.

Nimekua na swali moja tu kuhusu barua hizo. Mama alikuwa anamwambia baba arudi, au anamwambia abaki hukohuko? Kama alimwita na baba akakataa, basi ni mtu aliyetutupa, na chuki yangu ilikuwa halali yake. Kama mama ndiye aliyemkataza, basi nimemchukia mtu bure maisha yangu yote. Nilipomuuliza mama, alikumbuka sufuria jikoni. Mtu mwingine pekee aliyejua alikuwa Mpiga Chapa, na kumtoa neno mdomoni kuhusu barua ya mtu ilikuwa kazi bure.

Si kwamba alikuwa mtu wa kimya. Jamani, alikuwa na mdomo! Angekusimulia nani kanunua samaki walioharibika, nani kapaka nyumba rangi ya ovyo, imamu gani anavuta sana dua. Lakini maneno yaliyopita kwenye vidole vyake hayakupita kwenye ulimi. Siku za mashine ya chapa, kila barua ilikuwa na nakala moja chini ya karatasi ya kaboni, kwa hofu ya posta kupoteza. Jibu likifika, nakala ile na kaboni yake vilichomwa mbele ya mteja ndani ya kopo la maziwa. Mteja anayaona majivu, anaondoka moyo umetulia. Mama alikwenda mbali zaidi, akachoma na majibu ya baba. Ndiyo maana nyumbani kwetu hakukubaki hata bahasha.

Mimi nilisomea ufundi wa kompyuta Antananarivo, nikarudi Mahajanga kufungua karakana yangu. Ndivyo nilivyopita upande wa ndani wa pazia. Mwanawe aliyekuwa Réunion alikuwa amemletea kompyuta ya kwanza, yenye Windows, na yeye akaiita Mkubwa. Nilimfundisha kuiwasha, kuandika, kuchapa kwenye printa na kuizima bila kuchomoa waya ukutani. Alishika haraka, nikashangaa. Vidole vyake vilikuwa na umri wa mashine ya chapa na mwendo wa msichana wa miaka ishirini.

Tatizo lilikuja kwa wateja. Bibi mmoja kutoka Belobaka alisema barua yake, akaisikiliza ikisomwa, akatia dole gumba, kisha akabaki amekaa.

"Kuna lingine, dada?" Mpiga Chapa akamuuliza.

"Majivu yako wapi?"

Mpiga Chapa hakuwa na majivu. Akamgeuzia skrini, akaikokota barua kwa kipanya mpaka kwenye kile kikapu cha taka cha Mkubwa. Kikapu kikatoa sauti ya karatasi kusagwa. Bibi akaridhika, na kuanzia siku ile kila mteja alioneshwa kikapu na kusikilizishwa sauti.

Sasa hapa ndipo lilipotokea kosa, na ni kosa ambalo angelifanya yeye tu na watu wa kazi yake, watu waliozoea kwamba kilichochomwa kimechomwa. Mpwa wake alikuja siku moja kutazama picha za harusi kwenye Mkubwa. Akabofya huku na huku, akafungua kikapu, akakuta barua za mwaka mzima zimelala mle ndani, nzima, kila moja na tarehe yake. Akaanza kusoma kwa sauti, akicheka. Mpiga Chapa alikuwa kwenye swala. Alikata swala yake. Sijawahi kusikia habari nyingine ya yeye kukata swala.

Alifunga duka siku tatu. Siku ya nne akanitumia mtu karakana. Nilimkuta ameketi kwenye benchi la wateja, liwa hana, macho mekundu.

"Kwa hiyo taka zangu zinawekwa akiba," akasema. "Mwaka mzima nimewadanganya watu, tena kwa sauti."

"Bweni, hukujua."

"Mwenye siri hataki kujua kama nilijua. Nataka mashine inayosahau."

Nilimwambia ukweli: hakuna mashine inayosahau yenyewe, zote zinakumbuka zikiachwa na zinasahau zikifundishwa. Lakini karakana nilikuwa na kompyuta kuukuu iliyoshindwa kubeba Windows mpya, nikaiwekea Linux. Nikamweleza kwamba ule ni mfumo mwingine, yaani ile programu kuu inayoamka kwanza na kuziendesha nyingine zote. Ina kapu lake la taka pia. Ila ukiandika amri fupi, faili inaandikwa juu yake upuuzi mara kadhaa ndipo inafutwa, isirudi tena. Akaniuliza kama Mkubwa hawezi kufanya hivyo. Nikasema anaweza, nikimtafutia programu ya kazi hiyo. Akatafakari, akasema: "Huyo ameshanivunjia jina. Niletee huyo mwingine." Akamwita Mgeni, akamfumia kitambaa cha kijani.

Basi kwa miaka mingi aliishi na mashine mbili, naye akawa mtu wa kuulizwa. Mjini kila aliyetaka kununua kompyuta alikuja kwanza kwake, si kwangu mimi fundi. Mimi nilikuwa nawajibu kwa maneno ya kifundi. Yeye hakuwajibu kabisa. Aliwaketisha kwenye Mkubwa waandike barua ya mistari mitano, halafu kwenye Mgeni waandike ileile, na yeye anatazama mabega yao.

Mama mmoja muuza vitambaa, mwenye watoto Marseille, alimjia akiwa na haraka zake.

"Bweni, niambie tu ipi nzuri ninunue niende."

"Nzuri kwa nini?"

"Kwa kila kitu."

"Kwa kila kitu hakuna. Wewe unafanya nini na kompyuta? Sema kweli."

Mama akafikiri. "Naona picha za wajukuu. Nawaandikia. Basi."

"Basi chukua kama Mgeni. Ukishaonyeshwa pa kubofya hutaniita tena. Watoto wako wakikuletea flashi yenye mafua ya virusi, Mgeni hapigi chafya."

Lakini mpiga picha wa Belobaka, aliyekuwa na programu yake ya kurekebisha sura za maharusi, Bweni alimwambia chukua kama Mkubwa na usimsikilize mtu, kwa kuwa programu ile kwenye Mgeni haikuingia hata tulipoibembeleza. Mwalimu wa chuo cha Kurani alitaka vyeti vyenye Kiarabu upande wa kulia na Kifaransa upande wa kushoto. Huyo Bweni alimjaribisha kote kuwili, akaona kote kunawezekana, akamwambia achague yule ambaye kijana wa jirani yake anamjua. "Maana ikiharibika hutanikimbilia mimi, nakaa mbali." Nimesoma kurasa nyingi za wataalamu wakiilinganisha mifumo hii miwili. Hakuna hata mmoja niliyemwona akianza kwa kuuliza jirani yako ni nani.

Maneno yake juu ya mashine hizo tuliyarudia mjini kwa kucheka. "Mkubwa anajuana na kila mtu, ndiyo maana kila mafua yakipita anayapata." "Mgeni ana adabu lakini hajui njia za mji." Hili la pili lilikuwa la printa. Wiki mbili za mwanzo Mgeni hakuielewa printa kabisa, mpaka nilipopata programu ya kuwaunganisha. Wiki hizo mbili Mpiga Chapa alikataa kazi zote za siri. Kuibeba barua kwa flashi kwenda kuichapia kwa Mkubwa kungekuwa kuipeleka palepale ilipokimbia, na hilo hakulikubali hata wateja walipomnunia.

Usidhani alikuwa mtu wa haki siku zote. Alimsingizia Mgeni mambo mengi. Wakati fulani alifungua kwa Mgeni mwaliko wa harusi alioupanga kwa Mkubwa, akakuta jina la bwana harusi limeangukia kwenye mstari wa saa ya pilau. Akanifokea kwa njia ya simu, Kikomoro kitupu. Nilipokuja nikamwonyesha alama zilizofichika kwenye ukurasa, vidoti vya nafasi tupu. Kumbe kwa mazoea ya mashine ya chapa alikuwa anasogeza kila jina katikati kwa kubonyeza nafasi moja moja, mara thelathini, mara arubaini, na kukata kila mstari kwa mkono. Herufi za mashine ya pili zilikuwa na upana tofauti, kwa hiyo kila kitu kikahama. Alitazama vile vidoti muda mrefu. "Kwa hiyo mgonjwa ni mimi," akasema, na akiwa amevuka miaka sitini akaanza upya kujifunza kupanga ukurasa.

Na huyuhuyu aliyemnyanyapaa Mkubwa kwa kumvunjia jina hakukubali nimwondoe. Alisema ni kwa ajili ya wateja wanaoleta faili zao. Ukweli ni kwamba Mkubwa alikuwa na mchezo wa karata, na kila siku baada ya adhuhuri alipanga karata zile kwa nusu saa, kitambaa cheupe kikiwa begani tayari kwa kurushwa. Mgeni naye alikuwa na karata zake. Nilimwonyesha. Akasema hazipangiki sawasawa, na mimi nikaheshimu.

Umeme ulikatika mara nyingi kwetu. Ukirudi, Mkubwa alichukua muda kujikagua, na yeye alipitisha muda huo kwa tasbihi. Mgeni aliamka mapema zaidi. Siku moja lakini, umeme ulipokatika katikati ya barua na kurudi, Mgeni akaamka na kumuuliza kama angependa kurudishiwa barua aliyokuwa anaandika. Mpiga Chapa akapigwa na butwaa. "Kumbe na wewe!" akamwambia, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli. Nilizima kile kipengele cha kuweka akiba. Tangu hapo, umeme ukikatika, mteja alianza barua yake upya tangu salamu, na hakuna aliyelalamika.

Mama alifariki katika miaka hiyo. Hakuumwa sana. Mpiga Chapa alikuja akaosha, akavisha, akakaa na wanawake siku zote za matanga. Siku ya mwisho nilimfuata nyuma ya nyumba, alipokuwa anasuuza vikombe, nikamuuliza bila kuzunguka: mama alimwita baba au alimkataza?

Hakuinua uso. "Nipe kile kikombe," akasema.

"Bweni, mama hayupo tena. Nani ataumia?"

"Akiwa hayupo ndiyo nisimwibie?"

Nilikasirika kuliko nilivyoonyesha. Na baada ya miezi michache, kama shetani alikuwa anasikiliza, Mkubwa akagoma kuwaka, na Mpiga Chapa akaniletea karakana mwenyewe, juu ya riksho ya kuvutwa, amemfunika kwa kitambaa chake cheupe.

Kumtengeneza Mkubwa kulinichukua saa moja. Nikakaa naye siku mbili. Barua za mama za ule mwaka wa kikapu ziliandikwa kwake, kabla Mgeni hajaja, na baada ya lile balaa la mpwa nilimfutia kikapu mimi mwenyewe. Lakini kufuta kule kulikuwa kwa kawaida, na fundi anajua kwamba kilichofutwa kwa kawaida hukaa chini kwa muda, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Nilikuwa na programu ya kufukua. Nikafunga mlango mchana kweupe, nikaiendesha. Zikatoka faili mia na kitu, bila majina, namba tupu. Nikafungua mojawapo.

Haikuwa ya mama. Ilikuwa ya mwanamke wa mtaani kwetu, mtu anayenisalimu kila asubuhi, anamwomba mwanawe msamaha kwa jambo ambalo sitaliandika. Nilisoma mistari mitatu. Nilijisikia kama nimemfungulia mtu mlango akiwa anaoga. Ya mama ingeweza kuwa ya pili, au ya tisini, na ili niifikie ningepita kwa wengine wote.

Nikazifuta zote, safari hii kwa ile namna isiyorudishika. Nilikaa nikitazama mstari wa kazi ukijaa pole pole kwenye skrini. Nililia, sijui kwa aibu au kwa mama. Nikamrudishia Mkubwa wake, nikakataa malipo, na kwa muda mrefu nilipokwenda dukani nilikuwa naongea na printa.

Miaka ikapita. Upande wake wa kulia ukapatwa na kiharusi, si kikali, lakini kwa kazi ile kilitosha. Akafunga duka Mahabibo, Mkubwa akampa yule mwalimu wa chuo cha Kurani, akahamia kisiwani Nosy Be, Marodoka, kwa dada yake. Mgeni alikwenda naye. Tulikuwa tunasalimiana kwa simu siku za Idi, na kila mara aliniuliza juu ya afya ya kompyuta za mji kabla ya kuuliza yangu.

Halafu mwaka mmoja binamu yangu akanipigia kutoka Moroni. Baba amebaki peke yake. Ni mzee, miguu inavimba, na anauliza kama ninaweza kumpokea Mahajanga amalizie siku zake kwangu. Anaona haya kuuliza mwenyewe. Binamu akanipa namba ya baba, akaniomba nijibu kabla ya Ijumaa. Nilimwambia sawa, na badala ya kujibu nikapanda gari kuelekea kaskazini, nikavuka kwenda Nosy Be kwa boti ya abiria pamoja na magunia ya watu. Nilikuwa nataka kupewa sababu. Ama sababu ya kumfungulia mlango, ama ya kumfungia.

Nilimkuta barazani kwa dada yake. Alikuwa amekonda. Mgeni alikuwa mezani mbele yake, herufi za skrini nimemkuzia mimi kwa maelekezo ya simu mpaka neno moja linachukua nusu ya upana. Alikuwa anapiga kwa mkono wa kushoto, herufi baada ya herufi, orodha ya wanafunzi wa madrasa ya pale. Aliponiona akanyoosha mkono kutafuta kitambaa.

"Umekuja kuandika au umekuja kuchungulia?"

"Kuchungulia," nikasema. "Tena si mara ya kwanza." Nikamweleza habari ya Mkubwa, programu ya kufukua, mistari mitatu ya yule mwanamke. Nilieleza nikitazama sakafu.

"Najua," akasema. "Wiki nyingi ulikuwa humtazami mtu usoni. Nilidhani umesoma zote."

"Na bado ukaendelea kunipa mashine zako?"

"Fundi mwingine ningemtoa wapi?" Akacheka, upande mmoja wa mdomo tu, upande uliobaki na nguvu. Kisha akaniacha niseme lililonileta. Nikamwambia kuhusu baba, kuhusu Ijumaa. Nikamwambia sina mtu mwingine wa kumuuliza duniani. Nikamuuliza kwa mara ya mwisho.

Dada yake akaleta chai, akaondoka.

"Nikikuambia mama yako alimwita, utafanya nini?"

"Sitampokea. Atakuwa alimkatalia."

"Na nikikuambia alimkataza?"

"Nitampokea."

"Basi sikuambii. Hata mama yako angefufuka akanipa ruhusa, sikuambii. Unataka mimi na marehemu tumfukuze mzee wa watu, au tumkaribishe, wewe umekaa pembeni." Akavuta pumzi. Alikuwa anachoka upesi siku hizo. "Nitakuambia la kwangu, si la mama yako. Zile barua zilikuwa ndefu. Wateja wangu wote, miaka yote, hakuna aliyenichosha vidole kama mama yako. Karatasi nne, tano. Nikimwambia inatosha, anasema bado."

Sikuwahi kumjua mama kuwa mtu wa maneno mengi. Nyumbani alikuwa mtu wa neno moja na sufuria.

"Na jingine," akasema. "Barua ikishatumwa si yangu, si ya aliyeisema tena peke yake. Ni ya aliyeipokea. Wewe umekwenda kufukua mashine, umevuka bahari kuja kunifukua mimi. Mwenye barua yu hai, anakula, anavimba miguu, na umepewa namba yake."

Nikatoa simu. Nikakosea namba mara mbili. Alipoona inaita, Mpiga Chapa akashika ukingo wa meza na kuanza kuinuka. Nilitaka kumsaidia, akanikataza kwa kichwa. Mtu huyu alikuwa amesikia kila neno walilowahi kuambiana wazazi wangu, kwa zaidi ya miaka ishirini, na sasa alikuwa anaburuza mguu kuelekea ndani ili asisikie hili. Akaingia, akavuta mlango nyuma yake kwa mkono ulio mzima.

"Nani?" sauti ya mzee ikasema upande wa pili.

Nikajitaja. Nilisikia kiti kikisogezwa, na pumzi. Hakuuliza kama nimekubali. Nadhani hakuthubutu.

"Baba," nikasema, na lilikuwa neno ambalo sikuwahi kumwambia mtu. "Barua za mama. Ulizichoma?"

"Nizichome?" akasema. "Ninazo zote."

"Basi njoo nazo."